Wanafunzi wa Sayansi ya Michezo Wafundishwe Kutafuta, Si Kukusanya

Kila mwaka hualikwa kuzungumza na wanafunzi wa sayansi ya michezo kuhusu majeraha na dharura za viwanjani. Ni mwaliko ninaoupenda, kwa kuwa vijana hawa ndio watakaokuwa walimu wa mazoezi, makocha wa viungo na washauri wa timu zetu, na aghalabu watamwona mgonjwa kabla mimi sijamwona. Hata hivyo, kila mwaka huondoka na dukuduku lilelile. Nikiwauliza wanatafutaje machapisho ya kitaaluma kwa ajili ya tafiti zao, hunijibu kwa idadi: "Tunatakiwa kuwa na rejea zisizopungua thelathini, daktari." Ni nadra kumpata anayenijibu kwa kunitajia swali analotaka kulitatua.

Ninaandika kutetea hoja moja: kwamba kutafuta machapisho ni sehemu ya huduma kwa mgonjwa, na kwa hiyo mwanafunzi afundishwe na apimwe kwa namna anavyotafuta, hususan namna anavyoyatafuta yale yanayompinga. Msomaji aliye muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia au mgonjwa wa goti huenda akajiuliza hayo yanamhusu nini. Namwomba anivumilie nimsimulie kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa daktari kijana, sijaanza hata masomo ya ubingwa, nilipoombwa kusimamia hema la huduma ya kwanza katika mbio za barabarani za kilomita 42. Waandaaji waliniomba pia niandike karatasi ya maelekezo kwa wakimbiaji. Nilitaka kuifanya kazi hiyo kisomi. Usiku nilikaa mbele ya kompyuta, nikaingia katika kanzidata ya PubMed, nikaandika maneno mawili ya Kiingereza: "dehydration" na "marathon", yaani upungufu wa maji mwilini na mbio ndefu. Zilikuja makala nyingi kuliko nilivyoweza kusoma. Nilichukua nane zilizokuwa juu, nikasoma ikisiri zake, kisha nikaandika karatasi ambayo niliionea fahari. Kunywa maji katika kila kituo. Usisubiri kiu. Kiu ikija, umekwisha kuchelewa.

Siku ya mbio, zaidi ya saa tano baada ya filimbi ya kuanzia, mama mmoja wa makamo alimaliza akitembea. Alilalamika kichwa na kichefuchefu, na alipoulizwa jina la mumewe alitaja jina la mtaa. Sikusita. Mkimbiaji aliyechoka, aliyeshinda juani, anayechanganyikiwa: bila shaka ameishiwa maji. Niliagiza dripu. Lita ya kwanza iliingia haraka, nikaagiza ya pili. Sista mmoja mtu mzima, aliyekuja kujitolea kama mimi, alimshika mgonjwa mkono, kisha akaniita kando. "Daktari, pete yake imezama kidoleni. Huyu mama amevimba. Una hakika amekosa maji?" Nilimjibu kwa heshima, lakini sikumsikiliza. "Sista, tuendelee tu, atapata nafuu." Dakika chache baadaye mama yule alipata degedege.

Tulimkimbiza hospitali. Huko alipimwa damu, na kiwango cha sodiamu kikaonekana kuwa 118, ilhali cha kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Hakuwa amekosa maji hata kidogo. Alikuwa amekunywa kupita kiasi hadi chumvi ya damu yake ikazimuka na ubongo ukaanza kuvimba, nami nikamwongezea maji kwa njia ya mshipa. Waliompokea walimpa maji ya chumvi yenye mkolezo wa asilimia 3 kwa vipimo vidogo vidogo, akarejewa na fahamu. Siku ya tatu nilikwenda kumtazama wodini. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao tu. "Daktari, mbona mimi nilifuata karatasi yenu? Kila kituo nilikunywa, hata pale tumbo lilipokataa."

Usiku ule nilirudi kwenye kompyuta ileile na kuandika neno jingine: sodiamu. Kilichoniuma ni kwamba elimu niliyoihitaji ilikuwapo muda wote. Katika mwaka 2005, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Christopher Almond na wenzake kuhusu wakimbiaji wa mbio za Boston za mwaka 2002. Kati ya wakimbiaji 488 waliotoa damu mwishoni mwa mbio, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na watatu walikuwa katika kiwango cha hatari ya kifo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko waliokuwa nao wakati wa kuanza, na wale waliotumia zaidi ya saa nne njiani. Ungedhani waandishi wale walikuwa wamemwona mama yangu. Nilipofuata rejea zao kurudi nyuma nilifika hadi mwaka 1985, ambapo Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walikuwa wamekwisha kueleza habari za wanamichezo wanne waliozidiwa na maji katika mashindano ya saa nyingi. Katika kichwa cha makala yao waliiita hali hiyo sumu ya maji.

Kwa nini basi sikuyaona hayo mara ya kwanza? Si uvivu, wala si mtandao mbovu. Ni kwamba neno nililoliandika lilikuwa tayari limebeba jibu. Aliyeuliza kuhusu upungufu wa maji ataletewa watu waliopungukiwa na maji, pamoja na mapendekezo ya kuwanywesha. Na mapendekezo hayo hayakuwa ya mtu wa pembeni: mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilitoa tamko lililowashauri wanamichezo kunywa kiasi cha kufidia maji yote yanayotoka kwa jasho, au kiasi kikubwa kabisa ambacho tumbo linaweza kukivumilia. Tamko hilo lilirekebishwa mwaka 2007. Kanzidata haikunidanganya. Ilinipa nilichoomba, kama muuza duka anavyompa mteja bidhaa aliyoitaja hata kama si hiyo aliyoihitaji.

Laiti ningeuliza swali pana kidogo, kwa mfano: mkimbiaji anaweza kuanguka na kuchanganyikiwa kwa sababu zipi? Au swali la upinzani: je, kuna mkimbiaji aliyewahi kudhuriwa na maji? Maneno machache tu, na siku ile ingekuwa siku nyingine.

Tangu hapo nikiona pendekezo la utafiti la mwanafunzi hutazama kwanza kichwa chake. Mwaka jana kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea pendekezo ambalo kichwa chake kilianza kwa neno "Umuhimu", kama vinavyoanza vichwa vingi katika vyuo vyetu: umuhimu wa kunyoosha misuli katika kuzuia maumivu ya mwili baada ya mazoezi. Alikuwa na rejea 34, na zote zilimwunga mkono. Nilimwuliza: "Kama kunyoosha hakusaidii, ungejuaje?" Akatabasamu kwa adabu. "Lakini daktari, hilo kila mtu analijua." Tukakaa pamoja, tukaliacha kando neno umuhimu, tukatafuta kwa maneno matatu tu: kunyoosha, maumivu ya misuli, na jaribio la nasibu, yote kwa Kiingereza. Haikuchukua muda tukayapata mapitio ya Cochrane ya mwaka 2011, ambamo Robert Herbert na wenzake walikusanya majaribio 12 na kuhitimisha kwamba kunyoosha misuli, iwe kabla ya mazoezi au baada yake, hakupunguzi maumivu ya siku zinazofuata kwa kiwango chenye maana kwa watu wazima wenye afya.

"Basi mada yangu imekufa," alisema, na kwa kweli nilimwonea huruma, maana zilikuwa zimebaki wiki mbili tu. Haikufa. Aliigeuza, akaenda kuwauliza makocha wa timu za mtaani wanaamini nini kuhusu kunyoosha na wamejifunza wapi. (Nisieleweke vibaya: kunyoosha misuli kuna kazi zake nyingine, kama vile kukipa kiungo uwezo wa kufika mbali zaidi. Mgonjwa aliyeelekezwa mazoezi hayo na mtaalamu wake wa fiziotherapia asiyaache kwa sababu yangu.)

Kuna hatua moja ambayo vitabu vya mbinu za utafiti, vilivyoandikwa na Waingereza na Wamarekani, haviigusi, nayo kwetu ndiyo ngumu kuliko zote. Swali la kweli huzaliwa uwanjani, tena kwa Kiswahili. Kocha anasema mchezaji wake "amebanwa na msuli", au "paja limemkamata nyuma". Mgonjwa anasema goti "linachomoka". Machapisho mengi ya fani hii yako kwa Kiingereza, na si Kiingereza cha mazungumzo bali cha wataalamu. Mwanafunzi anayeruka moja kwa moja kutoka neno la uwanjani hadi neno la kwanza lililomjia kichwani hupotea hapo hapo. Goti linalochomoka laweza kuwa mshipi wa katikati ya goti uliokatika, kifuniko cha goti kinachohama, au gegedu lililochanika. Kila kimoja kina jina lake na fasihi yake. Hivyo kazi ya kwanza ni kukaa na kalamu kabla ya kugusa kompyuta, na kuandika: ni mtu gani, amefanyiwa au amefanya nini, tunalinganisha na nini, na tunatazamia matokeo gani. Kisha chini ya kila kipengele yaandikwe majina yote ya kitaalamu yanayoweza kutumika.

Majina yote, nasisitiza, kwa kuwa waandishi hawakukubaliana. Upungufu wa sodiamu ninaousimulia hapa huandikwa "hyponatremia" na Wamarekani na "hyponatraemia" na Waingereza, ilhali makala ile ya 1985 iliuita sumu ya maji. Anayetafuta kwa tahajia moja pekee hujinyima sehemu ya elimu bila kujua. Dawa yake ni ndogo: kuandika shina la neno na kulifunga kwa alama ya nyota, yaani "hyponatr*", ili tahajia zote mbili zije pamoja, na kuyaunganisha majina mengine kwa neno "OR". Neno "AND" hubana, kwa kuwa hudai vipengele vyote viwepo, "OR" hupanua. Neno "NOT" ninawaonya nalo wanafunzi, kwa sababu hufukuza hata makala njema iliyotaja kwa bahati tu kile usichokitaka.

Mfano unaowachekesha sana darasani ni mpira wa miguu wenyewe. Katika orodha rasmi ya istilahi za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ndiyo inayopanga makala za PubMed, istilahi "Football" ni mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira wenye umbo la yai. Mchezo wetu umewekwa chini ya "Soccer". Kijana anayetafuta majeraha ya kichwa kwa wanasoka kwa kutumia istilahi ya kwanza pekee atasoma usiku kucha kuhusu watu waliovaa kofia ngumu na kugongana kwa makusudi, kisha ataandika mapendekezo kwa timu ya Mbagala.

Kosa la upande wa pili lipo vilevile. Mwaka 2014 Oluwatoyosi Owoeye na wenzake walichapisha jaribio la nasibu lililofanyika Lagos, Nigeria, kwa vijana zaidi ya 400 wa timu 20. Nusu ya timu zilipasha misuli moto kwa programu inayoitwa FIFA 11+, na majeraha yao yalikuwa machache kwa asilimia 41 kuliko ya timu zilizoendelea na desturi yao. Makala hiyo inasomwa bure na yeyote. Kila mwaka husikia wanafunzi wakiandika kwamba "hakuna utafiti uliofanyika Afrika" kuhusu jambo hilo. Ukichunguza utakuta walitafuta neno Afrika kwenye vichwa vya makala, na kichwa cha makala ya Owoeye hakitaji Afrika wala Nigeria. Waandishi wetu nao hutamani kusomwa na dunia nzima, kwa hiyo si lazima waitangaze nchi yao mlangoni. Yafaa kutafuta kwa majina ya nchi moja moja na miji, tena katika ikisiri na si katika kichwa pekee, na kupita pia katika hazina ya majarida ya Afrika, AJOL, yenye makao yake Afrika Kusini, ambayo imekuwapo tangu 1998.

Hapo ndipo mahali pa kuuliza pia: ni miili ya nani iliyochunguzwa? Emma Cowley na wenzake walipitia makala zaidi ya elfu tano za sayansi ya michezo na mazoezi zilizochapishwa kati ya 2014 na 2020, wakakuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 34 tu ya washiriki wote. Makala zilizowachunguza wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6. Mwanafunzi anayeandaa ratiba ya mazoezi ya timu ya wasichana wa sekondari kwa kutumia makala kumi za kwanza anazozikuta huenda hajasoma hata moja iliyomchunguza msichana. Mama yangu wa mbio zile alikuwa katika kundi lililoathirika zaidi pale Boston: asilimia 22 ya wanawake walikuwa na upungufu wa sodiamu, dhidi ya asilimia 8 ya wanaume. Waandishi walieleza kwamba kilichokuwa nyuma ya tofauti hiyo ni zaidi umbo dogo na mwendo wa taratibu kuliko jinsia yenyewe. Jambo hilo nisingelijua kwa kusoma ikisiri peke yake.

Nataka pia kuigusa kanuni ya "rejea za miaka mitano", ambayo karibu kila chuo kinaipenda. Naijua nia yake, na ni njema: tusifundishe mambo yaliyopitwa na wakati. Mfano maarufu ni barafu. Mwaka 1978 daktari Gabe Mirkin wa Marekani alieneza kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana kwa bandeji na kuinua kiungo kilichoteguka. Baadaye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha uponaji. Anayesoma kitabu cha 1978 tu atakuwa mfuasi wa Mirkin ambaye Mirkin mwenyewe amemwacha nyuma. Lakini chujio hilohilo la miaka mitano, lingetumiwa kwa ukali usiku ule wa karatasi yangu, lingeniondolea makala ya 1985 hata kama ningeandika maneno sahihi. Umri wa makala ni habari ya kuizingatia, si mlango wa kufunga. Njia iliyonifikisha nilikopaswa kufika ilikuwa ya kufuata nyuzi: kutoka makala moja nzuri kurudi nyuma kwa rejea zake, na kwenda mbele kwa wale walioitaja baadaye.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Makala nyingi zimefungwa nyuma ya malipo, na wanafunzi hukata tamaa mapema mno. Kupitia mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, taasisi za nchi zenye kipato kidogo hupata majarida bure au kwa malipo madogo. Mkutubi wa chuo ndiye mwenye nywila. PEDro, kanzidata ya fiziotherapia inayoendeshwa kutoka Sydney, ni ya bure na huyapima majaribio kwa alama za ubora. SPORTDiscus, ambayo ni mahususi kwa michezo, ni ya kulipia, na chuo kinachofundisha fani hii kingefanya vema kuilipia kabla ya kununua mashine nyingine ya kukimbilia. Na wakutubi wetu, watu waliosomea kazi hii, mara nyingi wanaachiwa kuweka muhuri kwenye vitabu.

Kuna kishawishi kipya: kuiuliza programu ya akili mnemba ikuandalie rejea. Nimepokea kazi yenye makala iliyobeba majina ya waandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka wenye mantiki, lakini makala yenyewe haikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Siwakatazi wanafunzi kutumia programu hizo kutafuta visawe vya maneno yao. Zina msaada hapo. Ninachodai ni kwamba kila rejea ifunguliwe kwa mkono wa mwanafunzi na isomwe.

Mwenzangu mmoja, bingwa wa mifupa ninayemheshimu, hunitania kwamba kocha anahitaji filimbi, si PubMed. Anasema pia, na hapa hatanii, kwamba vijana hawa wakianza kusoma pande mbili za kila jambo watashindwa kuamua uwanjani, ambako uamuzi ni wa sekunde. Hoja hiyo ina uzito. Sitaki mtu afungue kanzidata wakati mchezaji amelala chini. Lakini uamuzi wa sekunde huandaliwa miezi kabla, na mimi pale hemani niliamua upesi sana. Wepesi haukunipungukia. Kama ningekuwa nimesoma upande wa pili, swali la Sista kuhusu pete lingenikuta tayari nina mahali pa kuliweka.

Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo halihitaji bajeti. Mwanafunzi wa sayansi ya michezo anapowasilisha pendekezo la utafiti, aambatanishe ukurasa mmoja unaoonyesha alivyotafuta: kanzidata alizoingia, maneno aliyoyaandika kama alivyoyaandika, tarehe, idadi ya makala zilizokuja, na sababu ya kuziacha alizoziacha. Aonyeshe pia walau chapisho moja lenye nguvu linalopingana na matarajio yake, na aeleze kwa nini bado anaendelea, au amebadilisha nini. Ukurasa huo upewe alama kubwa kuliko idadi ya rejea. Msimamizi aurudie utafutaji huo mwenyewe. Akiona matokeo tofauti kabisa, wakae wazungumze. Somo lenyewe lifundishwe na mkutubi pamoja na mtu wa tiba katika mwaka wa kwanza, si wiki ya mwisho kabla ya tasnifu.

Nanyi wahudumu wa afya mnaofanya kazi na makocha na walimu wa mazoezi, waulizeni wamesoma wapi, kwa upole uleule ambao nasi tungependa kuulizwa. Mgonjwa pia anayo haki hiyo. Ukiambiwa na mwalimu wako wa mazoezi ule nini, unywe kiasi gani, ubebe uzito upi, si utovu wa adabu kumwuliza: "Je, kuna waliopata madhara kwa kufanya hivi?" Mwenye elimu yake atalifurahia swali hilo.

Juu ya maji, ili nisimwache msomaji njia panda: kongamano la wataalamu lililofanyika Carlsbad, Marekani, mwaka 2015 liliwashauri wanamichezo kunywa kwa kufuata kiu. Kupungukiwa na maji na kuzidiwa na joto bado ni hatari za kweli katika jua letu, na mwenye ugonjwa wa figo au moyo apate ushauri wa daktari wake kabla ya mbio ndefu. Kwa wahudumu wa mahema, mkimbiaji aliyechanganyikiwa apimwe joto la mwili na sodiamu kabla ya kutundikiwa lita za dripu. Aulizwe yeye au ndugu zake amekunywa kiasi gani, na vidole vyake vitazamwe.

Mama yule bado anakimbia, ingawa sasa ni kilomita 21 tu. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mbio, hunitumia ujumbe ule ule: "Shikamoo daktari. Karatasi ya mwaka huu inasemaje?" Ananizidi umri, na nimekwisha kumwomba mara nyingi asiniamkie hivyo, hasikii. Simjibu siku hiyohiyo. Nafungua kompyuta kwanza, naandika maneno upya, na la kwanza huwa ni lile la sodiamu.